Ngozi Juu ya Ngozi

Kitu cha kwanza kutazama ni sikio. Wengi wanaokutana na mchoro wa George Lilanga kwa mara ya kwanza hukimbilia midomo iliyovimba, au matumbo ya mviringo, au vidole viwili vitatu vilivyoachana kama meno ya uma. Wanacheka, wanapita. Mimi mwenyewe niliishi na picha zake miaka kadhaa, vitabuni na kwenye kadi za posta, kabla sijaliona sikio. Limebandikwa kichwani kama mpini wa kikombe, kubwa kupita kiasi. Katika michoro ya ngoma, ile ambayo viumbe wake wanapiga, wanacheza, au wamebebana tu vinywa wazi, kila kiungo kina kazi ya kufanya isipokuwa sikio, ambalo limekaa likipokea. Mchoraji mwingine aliyetaka kuonyesha mlio angeikuza ngoma. Yeye kamkuza anayesikia.

Lilanga alizaliwa Masasi mwaka 1934, Mmakonde, na alifariki Dar es Salaam mwezi Juni 2005. Alianza kuchonga mwanzoni mwa miaka ya 1960, na inasimuliwa kwamba alianzia kwenye mizizi ya muhogo kabla ya kuhamia mti mgumu. Habari hiyo ya muhogo hutajwa upesi upesi, kana kwamba ni mchezo wa mtoto. Mimi naipa uzito. Muhogo mbichi ni laini, hukatika kama sabuni, lakini hausamehe. Ukishapitisha kisu umepitisha, na baada ya siku mbili kazi yako imesinyaa, imeingia weusi, imekwisha. Anayejifunzia kwenye muhogo hujifunza kukata mara moja na kuachana na alichokata.

Sasa tazama mstari wake wa wino. Hauna manyoya. Wachoraji wengi wanapotafuta umbo hupapasa kwa kalamu, mstari juu ya mstari, mpaka mmojawapo upatie, na ule mpapaso unabaki ukingoni kama ndevu. Mstari wa Lilanga unaanza kwenye paji la uso, unapita pua, unashuka kwenye midomo, shingo, tumbo, goti, unazunguka kidole cha mguu na kupanda tena kwa mgongoni, unene ni uleule toka mwanzo hadi mwisho. Na pale mwili mmoja unapogusana na mwingine hakuna mistari miwili. Mgongo wa huyu ndio tumbo la yule: ukuta mmoja, nyumba mbili. Huo ni mkono wa mtu aliyezoea tezo, anayejua kwamba kibanzi kikishadondoka chini hakuna gundi ya kukirudisha. Penseli ina raba. Mpingo hauna.

Masasi iko chini, Newala iko juu. Anayetoka Masasi huiacha milima ile ya mawe inayosimama mmoja mmoja kwenye tambarare, kisha gari hupanda mpaka kwenye uwanda wa juu wenye mikorosho. Mwisho wa uwanda ni Newala, na mwisho wa Newala ni Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa liko bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Asubuhi ukungu hulijaza bonde lote. Sauti hupanda kutoka huko bila mwenyewe kuonekana: mbwa, shoka, mtu anayemwita mtu. Ngoma pia. Mtoto aliyelelewa ukingoni pale huijua ngoma kwa sikio kabla hajaijua kwa jicho. Hujua kwamba kuna watu wanacheza mahali, na kwamba ni wengi, na kwamba wamechangamka, lakini sura zao lazima azitunge mwenyewe. Sisemi kwamba hapo ndipo mashetani ya Lilanga, kama viumbe wake wanavyoitwa, yalipotoka. Nasema tu kwamba mtu wa kwetu akiona karatasi iliyojaa viumbe wasio na ardhi chini yao, waliopangana kutoka chini hadi juu kama ukungu unavyopanda, hashangai sana.

Mjomba ana nafasi kubwa kwetu, na ni mjomba aliyemfungulia Lilanga mlango. Augustino Malaba, mchongaji, alikuwa tayari yuko Dar es Salaam, akifanya kazi Nyumba ya Sanaa, karakana iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Mpwa akapata kazi hapo: mlinzi wa usiku. Kazi ya ulinzi wa usiku, kwa yeyote aliyewahi kuifanya, ni kazi ya masikio. Muda si mrefu waligundua kwamba mlinzi anaweza zaidi ya kulinda, wakampa wino na ngozi. Kufikia mwaka 1978 kazi zake zilikuwa ukutani Washington, katika maonesho ya kazi za Nyumba ya Sanaa.

Nimeandika ngozi, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Sehemu ya michoro yake ya mwanzo ilifanywa kwa wino mweusi juu ya ngozi ya mbuzi. Fikiria jinsi ngozi inavyofika hapo. Inachunwa, inalowekwa, inakwanguliwa manyoya na mafuta ya upande wa ndani, inavutwa pande zote na kupigiliwa vijiti, inaachwa juani ikauke mpaka iwe ngumu na ya rangi ya maziwa yaliyochujuka. Mwambaji wa ngoma angeitambua kila hatua. Tofauti ni mwisho tu: mmoja anaivika ngozi kwenye gogo lililotobolewa, mwingine anaivika kwenye fremu. Ukiigonga ile ya fremu kwa ukucha, nayo inalia. Sauti yake ni nyembamba, kavu, kama chapuo iliyosahauliwa juani, lakini ni sauti.

Kwa hiyo Lilanga anapochora mpiga ngoma juu ya ngozi ya mbuzi, anachora ngozi juu ya ngozi. Mviringo ule mdogo mbele ya tumbo la mpigaji, unaosimama badala ya kiwambo, umetengenezwa kwa kitu chenyewe unachokiwakilisha. Kwenye karatasi, mchoro wa ngoma ni alama ya ngoma. Kwenye ngozi ni zaidi ya alama, ni kama ngoma ambayo bado haijapata gogo. Wanaoandika juu ya ishara katika sanaa ya Kimakonde hupenda kuuliza hiki kinamaanisha nini na kile kinamaanisha nini. Swali langu la kwanza ni jepesi zaidi: kimechorwa juu ya nini?

Niliwahi kusoma kibandiko chini ya picha ya namna hii, katika ukumbi ambao sitautaja, kikieleza kwamba viumbe hawa ni "pepo wabaya wa imani za jadi." Sentensi moja, makosa mawili. La kwanza ni la neno. Shetani wa Kiswahili cha msikitini na kanisani ni adui wa Mungu, hana mjadala. Shetani wa mchonga vinyago ni ukoo mpana: yumo nnandenga wa msituni, yumo kibwengo, wamo wakorofi, wamo wachekeshaji, wamo wanaofanana kabisa na jirani yako akiwa amekunywa uraka. Neno moja limebebeshwa wote hao kwa sababu wanunuzi walihitaji neno moja.

Kosa la pili ni la historia. Shetani huyu wa kinyago, mwenye jicho moja, mwenye tumbo lililopinda, hakutoka kwenye matambiko ya kale akiwa amekamilika. Mtindo huo husimuliwa kuwa ulianza karibu mwaka 1959, Dar es Salaam, kwa Samaki Likankoa, Mmakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, aliyekuwa akimuuzia kazi mfanyabiashara Mohamed Peera. Inasemekana kinyago chake cha binadamu kilivunjika. Badala ya kukitupa akakifuata pale kilipovunjikia, na kilichotoka hakikuwa binadamu tena. Hata kama hadithi imepambwa, na hadithi za mafundi hupambwa, inaeleza jambo la kweli kuhusu usanii wenyewe: umbo jipya lilitokana na ufa, na fundi alikuwa na akili ya kuufuata. Hiyo ni sanaa ya kisasa kwa kipimo chochote, iliyozaliwa mjini, kwa watu wenye majina, katika mwaka unaotajika. Lilanga aliipokea ikiwa na umri wa miaka kama kumi na kitu.

Alipokea kingine pia. Roberto Yakobo Sangwani alikuwa ameanzisha mnara wa watu waliobebana, ambao mwanzoni uliitwa dimoongo, yaani nguvu, kwa sababu ulimwonyesha mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake. Siasa ilipobadilika, mnara huohuo ukaitwa Ujamaa, na ukauzika vizuri kwa jina hilo. Michoro ya Lilanga ya ngoma, ukiitazama kwa muda, ni dimoongo iliyolazwa kwenye karatasi. Miili inajaza nafasi yote. Palipobaki tundu, panaingia kichwa. Palipobaki tundu dogo zaidi, panaingia doa.

Madoa hayo nayo yana habari yake. Mwaka 1926, mchoraji Mrusi Wassily Kandinsky, akifundisha shule ya Bauhaus kule Ujerumani, alitoa kitabu juu ya nukta, mstari na uso wa karatasi. Humo aliichukua mianzo ya Simfonia ya Tano ya Beethoven, ile inayojulikana na kila mtu, akaiandika upya kwa nukta: kubwa kwa sauti kubwa, ndogo kwa ndogo, zikipanda na kushuka kwenye karatasi nyeupe. Ni kazi safi sana. Naiheshimu. Lakini nukta za Kandinsky zinasoma muziki kutoka kushoto kwenda kulia, kama mstari wa maandishi, kwa sababu muziki anaousikia una mwanzo, una kati, una mwisho, na msikilizaji amekaa kitini akiungoja uishe.

Madoa ya Lilanga hayaendi popote. Yamejaa kwenye shati la mchezaji, yanaruka kwenye sketi ya anayemfuata, yanabadilika kuwa mistari, kuwa miraba, kuwa vijiduara vyenye kiini, halafu yanarudi kuwa madoa. Hakuna kona ya kuanzia. Na hivyo ndivyo ngoma ya kwetu ilivyo. Kuna chapuo inayokwenda upesi bila kupumzika, kuna kubwa inayoingilia mara chache na kutikisa kifua, kuna misewe miguuni mwa wachezaji inayojaza mianya yote iliyoachwa na wapigaji. Anayefika amechelewa hajakosa mwanzo, maana anaingilia pale alipoikuta. Macho yako kwenye mchoro wa Lilanga yanafanya hivyohivyo, yanaingilia popote, na baada ya muda yanaanza kutofautisha doa zito na doa jepesi, kama sikio linavyoanza kutofautisha ngoma na ngoma. Mimi sina hakika kama Lilanga aliwahi kumsikia Kandinsky, na sioni kwamba alimhitaji. Kanga zilikuwa zimemtosha. Hata majina ya picha zake za baadaye ni ya kikanga: sentensi nzima za Kiswahili, ndefu, zenye kumsema mtu bila kumtaja.

Kabla ya Lilanga, wa kwetu walikwisha kupewa karatasi na mgeni mwingine. Mwaka 1906, moshi wa Majimaji ukiwa bado haujatawanyika kusini, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi, akapanda Newala, akafika Mahuta. Wapagazi walimwita Bwana Pufesa. Alikuja na fonografia ya mitungi ya nta ya kunasia nyimbo, kamera ya picha, mtambo wa sinema, na penseli. Karibu na Newala alipiga picha za midimu, wachezaji waliovaa vinyago, wakicheza kwenye unyago. Halafu penseli aliwapa watu, wenyeji na wapagazi wake mwenyewe, wachore watakacho, naye akaichapisha baadhi ya michoro hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1908, na mmojawapo ulikuwa wa yeye mwenyewe, Bwana Pufesa, kama alivyoonekana na mpagazi.

Kinachonivutia katika safari ile ni masanduku. Sauti iliingia kwenye sanduku lake, sura kwenye lake, kinyago kikafungwa kwenye lake, vyote vikaenda Ulaya vikiwa vimetengana. Ngoma ilipasuliwa vipande ili ibebeke. Sidhani Weule alikuwa na njia nyingine, kwani mitambo yake ilikuwa ndiyo hiyo, na ninamshukuru kwa alichookoa. Lakini ukimweka karibu na Lilanga unaona kilichorudishwa. Katika mchoro mmoja wa wino kuna mkono unaopiga, sikio linalopokea, mguu unaojibu, nguo inayovuma kwa madoa, na vyote vimeshikana kwa mstari mmoja usiokatika. Hakuna sanduku.

Mguu. Nimeuacha kwa makusudi, maana naupenda kuliko yote. Viumbe wa Lilanga wana mguu mzito, wa vidole viwili au vitatu, uliokunjwa gotini. Goti lililokunjwa ndilo ngoma ya sindimba yenyewe. Kiuno ndicho kinachosemwa na watu, na kimesemwa sana, hasa baada ya kikundi cha ngoma cha taifa kuichukua sindimba miaka ya 1960 na kuipandisha jukwaani Dar es Salaam, ikashangiliwa na wengine na wengine wakaona aibu. Lakini kiuno hakiwezi kitu kama goti limenyooka. Lilanga anajua. Hachori viuno vya kumfurahisha mtalii. Anachora magoti, na kiuno kinajileta chenyewe.

Na hilo jukwaa nalo liliharibu kitu ambacho mchoro umekitunza. Jukwaani wachezaji wanasimama mstari, wamewaelekea watazamaji, wanatabasamu. Ngoma uwanjani ni duara: mchezaji anamtazama mchezaji, mpigaji anamtazama mguu mchezaji, na ukitaka kuona vizuri ingia. Nyuso za Lilanga nyingi zimechorwa kwa upande. Zinatazamana. Hazikutazami wewe uliyelipa kiingilio. Hata jicho, ambalo hulichora zima katika uso wa upande, liko wazi kwa jirani yake. Mtazamaji wa picha yuko nje ya duara, na ameachwa nje kwa adabu kabisa.

Miaka ya mwisho kisukari kilimpokonya miguu. Aliendelea kufanya kazi, akiwa na vijana wa kumsaidia, na viumbe wake waliendelea kucheza. Wapo wanaozisoma picha hizo za mwisho kama huzuni iliyojificha. Mimi naona fundi aliyekuwa amekwisha kuikariri miguu miaka thelathini iliyotangulia.

Nitoke kidogo kwenye wino nirudi kwenye mti, kwa sababu kuna jambo linalonichekesha kila nilikumbukapo. Mpingo, mti uleule wa vinyago, ndio wanaotengenezea klarineti na oboe huko Ulaya. Kiini chake ni cheusi cha kuelekea zambarau, kizito hata hakielei majini, na kikichongwa laini hakinyonyi unyevu wa pumzi kama miti mingine. Miti ya kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji imepigwa pumzi katika kumbi za Beethoven kwa muda mrefu. Pengine kipande cha gogo kilichopita mikononi mwa mchongaji kikageuka nnandenga, na kipande cha pili cha gogo hilohilo kikapanda meli kikawa klarineti ya Simfonia ya Tano. Kandinsky aliichora sauti ya mti wetu bila kujua jina lake. Lilanga alikuwa na mti wenyewe, akauacha akashika kalamu, kisha baadaye akachonga mti laini na kuupaka rangi kali, jambo ambalo wachongaji wakali wa mpingo hawakulipenda. Kwao, kuupaka mti rangi ni kama kumvisha bibi harusi barakoa. Ninaelewa. Ila napenda zile za wino kuliko zote, nyeusi juu ya rangi ya ngozi, kwa sababu ndani yake mpingo haujaondoka. Ule weusi ni wa kiini cha mti, na ule weupe wa maziwa ni wa mbao ya nje inayokizunguka kiini, ambayo mchongaji huiacha makusudi ukingoni mwa kinyago ili ujue gogo lilikuwa na unene gani.

Nilikwisha kufikiri nimeisoma picha mpaka mwisho, ndipo nikampelekea mjomba wangu kitabu cha michoro ya Lilanga huko Newala. Ni mzee, amechonga vinyago, amewamba ngoma, amepiga ngoma. Mikono yake imejaa makovu ya tezo. Tulikuwa barazani, mkekani, sahani ya ming'oko katikati.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umeniletea nini?"

Nilifungua ukurasa wa ngoma. Nilitaka aniambie juu ya nnandenga, juu ya sikio, labda jina la kale la umbo fulani ambalo vitabu havina. Alikisogeza kitabu kwenye mwanga, akakiweka mbali, akakileta karibu. Hakusema neno juu ya mashetani. Aliweka kidole kwenye kiwiko cha mpigaji.

"Huyu anapiga ndogo," alisema. "Kiwiko kimebana ubavuni. Ukipiga kubwa kiwiko kinatoka." Akanionyesha juu ya sahani ya ming'oko, akiinua mkono mzima kutoka begani na kuudondosha, halafu akibana kiwiko na kuchezesha kifundo peke yake. Kisha kidole kikahamia kwa mchezaji aliyembeba mwenzake, na yule aliyebebwa naye kambeba mwingine. Alikaa hapo muda.

"Wamecheza toka jioni," alisema.

Nilimuuliza amejuaje.

"Wameegemeana. Ngoma ikianza kila mtu anasimama na miguu yake. Hawa ni karibu alfajiri." Akarudi kwa mpigaji, akaugonga mviringo ule mdogo kwa ukucha, kwenye karatasi ya kitabu, mara mbili, akategea sikio. "Na ngozi imelegea. Umande. Unaona anavyokaza uso? Inamdai nguvu na haitoi sauti."

Nilimwambia mchoraji hakuonyesha moto popote. Ngoma za kwetu hupelekwa kwenye moto wa nyasi kavu kila baada ya muda, ngozi ikakaze, ndipo zirudi uwanjani zikilia kama mpya. Kwenye picha hakukuwa na nyasi wala moshi. Kila nafasi ilikuwa imejaa miili na madoa.

Mjomba alitazama tena, safari hii ukurasa wote, kona kwa kona.

"Ndiyo maana yule pale kageuka," alisema, akimwonyesha kiumbe mmoja wa pembeni ambaye sikuwahi kumjali, aliyeelekeza uso nje ya picha wakati wengine wote wanatazamana. "Anaitwa akalete nyasi."

Akalamba kidole, akafungua ukurasa unaofuata.